Marehemu Majani na Mmea Wake wa Kopo

Ndugu, majirani na marafiki, familia inawaomba utulivu kidogo tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Majani, jina alilopewa na mkewe kwa utani siku ya harusi, alipomkuta na tawi lililokauka ndani ya mfuko wa koti.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa mama mtabibu wa mitishamba, katika kijiji cha mwisho mlimani, pale barabara inapokoma, akasoma shule ya msingi huko huko hadi 1966, kisha sekondari na chuo cha ufundi wa maabara huku chini, na tarehe 2 Januari 1973 akaajiriwa katika maabara ya mimea ya dawa. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu za majani ya milimani, anayaloweka kwenye spiriti, anadondosha maji yake kwenye sahani yenye vijidudu vya vidonda, kesho yake anatazama kama limebaki duara safi ambapo vijidudu vimeshindwa kuota. Jani la mama yake liliacha duara pana kuliko yote, naye alizunguka na sahani ile ofisi kwa ofisi, akimwonyesha hata mlinzi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa binti, ambaye ni fundi cherehani, na mwana, ambaye ni mwalimu. Mwaka 1984, baada ya uzazi wa pili, mkewe aligundulika na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kabisa kupanda mlimani, na Majani, aliyekwisha kuchimba msingi wa nyumba yao kule juu, akaufukia, akateremka na mche mmoja wa jani la mama kwenye kopo la mafuta. Kila Juni alichuma jani la kopo akalipima, hata baada ya kustaafu mwaka 2011, na mkewe akiuliza alijibiwa kwamba mmea unaendelea vizuri. Mlima aliutamani sana, kiti chake kibarazani hakikuwahi kutazama upande mwingine.

Novemba 2023 alipatikana na saratani ya ini, akawaagiza watoto wamzike huku chini, ili mama yao aweze kufika kaburini, na asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2024 akatutoka, akiwa na miaka 73. Kesho yake mkewe alifungua daftari la vipimo la mumewe, akakuta kurasa thelathini na tisa, Juni hadi Juni, zote zimeandikwa neno moja, Hakuna, kwani mmea ule ulistawi na kutoa maua, lakini huku chini haukuwahi kuacha duara. Alilia sana, kisha akatuambia kwamba mume wake atapandishwa nyumbani, na asibishiwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kulala hospitalini, na wenzake wa maabara waliomfungulia mlango kila Juni.

Mkewe atamsindikiza hadi darajani, mlima unapoanzia, hapo atarudi. Kopo litaendelea na safari, mmea upandwe upande wa kichwa, na Juni ijayo binti atateremka na jani moja, sahani imeshaahidiwa na maabara. Kapumzike kwenu, Majani, mkeo anasubiri jani.