Mama Rula: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kukataa Kukisia

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mpimaji mkuu wa kituo chetu, ambaye sote tunamwita Mama Rula, anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Ile miezi minne nimeiandika kwa sababu yeye mwenyewe angeiongeza kwa kalamu nyekundu kabla keki haijakatwa.

Ofisi ya utumishi ilinipa maelekezo ya makala hii ya jarida la kituo: tarehe ya kuajiriwa, vyeo, shukrani, basi. Niliambiwa pia, kwa upole wa kutosha, kwamba ule utafiti wa uponyaji wa mbali niupitie juu juu. Nimesikia. Sitaupitia juu juu.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na sita, kazi yake kuosha chupa za maabara. Miaka mitatu baadaye alikuwa chumba cha vipimo, chenye dirisha moja, meza ndefu na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Hapo alipima vidonda vya miguu, vile sugu. Alilaza plastiki angavu juu ya kidonda, akafuata ukingo kwa kalamu, kisha akaiweka juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu. Mraba ulioingia zaidi ya nusu unahesabiwa, usiofika nusu unaachwa. Wagonjwa walimpenda kwa mikono yake myepesi na utani usiokwisha. Sisi wenzake tulimkoma. Siku moja mafundi walileta kabati jipya, akalipima, akapima na mlango, akawaambia halipiti. Wakamcheka. Kabati lile lilikaa kwenye korido miaka miwili, na wakubwa kwa wadogo tulipita ubavu ubavu.

Miaka kumi na saba iliyopita kituo kilikubali kupima swali ambalo wengi walilikimbia: je, mtu aliye mbali anaweza kumponya mwenzake kwa kumnuia mema tu? Wagonjwa sitini waliridhia. Ikapigwa kura, na picha za thelathini kati yao zikatumwa kwa waponyaji kumi katika mji mwingine, ambao kila asubuhi walizizunguka wakinuia wenye picha wapone. Thelathini waliobaki hawakunuiwa. Wote walipata matibabu yaleyale, na mpimaji hakutakiwa kujua nani yuko kundi gani. Baadhi yetu tulicheka, tukasema kituo kimegeuka kilinge cha mganga. Mama Rula alitujibu kwa maneno mawili: "Pimeni kwanza."

Alikuwa na sababu yake. Mmoja wa wale waponyaji alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Alilisema hilo mapema, na mkurugenzi wa wakati ule akaona halina neno, maadamu mpimaji hajui makundi.

Matokeo yalipotoka, kituo kilishangilia. Vidonda vya walionuiwa vilipungua kwa asilimia 46, vya wenzao asilimia 31. Likatundikwa bango, "Nia njema ni tabibu", waandishi wa habari wakaitwa, ripoti ikasambazwa.

Wiki tatu baadaye, akipanga fomu za wagonjwa kwenye majalada, Mama Rula aliona vitundu viwili vidogo kwenye kona ya fomu moja. Akaviona kwenye nyingine. Fomu thelathini zilikuwa navyo, thelathini hazikuwa navyo. Picha zote zilikuwa zimeshikizwa kwenye fomu kwa klipu, lakini baada ya kura karani wa kumbukumbu aliogopa zile zilizochaguliwa zisidondoke, akazipiga stepla. Siku ya kuzituma akazibandua, alama zikabaki. Karani huyo ni mimi ninayeandika haya.

Mwingine angefunga jalada akaenda zake nyumbani. Yeye alibandika plasta kwenye kila kona, akaomba fomu zichanganywe, akazitoa plastiki zilizohifadhiwa na kuhesabu upya miraba ya wagonjwa wote sitini kwa siku tisa. Tofauti ikayeyuka: 39 kwa 38. Ile miraba ya ukingoni, ya nusu kwa nusu, alikuwa ameisamehe kwa walionuiwa na kuihesabu kwa wasionuiwa, jicho likifuata vile vitundu bila mwenyewe kujua. Alilia, nami nilikuwepo. "Nia imefanya kazi kweli," alisema. "Imefanya kazi kwenye mkono wangu."

Kabla ya kumwambia mkurugenzi, alisafiri kwenda kwa shangazi yake. Bi mkubwa akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, miezi yote ile nilikuwa naongea na picha?" Mama Rula akamjibu kwamba bado hajui, anachojua ni kwamba kipimo chake hakifai. "Basi rudieni," akasema shangazi. "Nitakaa tena. Kama ni bure, nijue ni bure."

Mkurugenzi hakuwa na moyo huo. Alimwambia ripoti imeshatoka, wafadhili wamefurahi, na yaliyopita si ndwele. "Mzee, hapa tumeajiriwa kwa ajili ya ndwele," Mama Rula alimjibu. Aliletewa barua ya kuthibitisha kwamba vipimo vya kwanza vilikuwa sahihi, akakataa kuitia sahihi. Akaletewa tena, akakataa tena. Aliulizwa mara tatu, mbele ya kikao, ni nani aliyetoboa fomu, na mara tatu alisema mpimaji ndiye aliyepaswa kuona. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho nikiandika kumbukumbu. Nilikuwa na ajira ya mkataba na watoto watatu wadogo, nikainamisha kichwa nikaandika. Aibu hiyo nimelala nayo miaka kumi na saba.

Aliwasumbua mpaka bodi ikaruhusu jaribio la pili: wagonjwa tisini, fomu mpya zisizo na picha, na shangazi katika kiti chake kila asubuhi kama alivyoahidi. Walionuiwa walipata nafuu ya asilimia 40, wasionuiwa 41. Hakuna aliyetundika bango kusema kwamba kutonuiwa ni tabibu. Ripoti ya pili ilifungiwa kabatini, na Mama Rula akahamishiwa stoo, ambako alihesabu glavu na bandeji kwa miaka sita hadi alipokuja mkurugenzi mwingine. Ile ripoti ya kwanza bado inatembea. Kuna watu wanaitumia leo hii kuuza uponyaji kwa simu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tukitarajia ataje friji, alisema anataka ripoti ya pili itoke. Uongozi ukajibu kwamba suala hilo litaangaliwa. Miaka kumi na saba ya kuangaliwa inatosha. Funguo za kabati ninazo mimi, na jarida hili ninalipeleka kwa mchapaji mimi.

Sasa anakwenda kuishi na shangazi yake, ambaye ana miaka themanini na minane na siku ya keki ataketi mstari wa mbele. Bi mkubwa bado ananuia kila asubuhi, safari hii kwa ajili ya goti la Mama Rula. Mama Rula anasema aachwe anuie, goti hilo yeye hatalipima.

Mama Rula, asante kwa kila mraba uliouhesabu kwa haki, na kwa jina langu ulilolificha nikiwa sistahili. Safari hii nimeliandika mwenyewe, chini ya jedwali la ripoti ya pili, kando ya lako. Atakayetaka kuniita ofisini anajua meza yangu ilipo. Tunakutakia miaka mirefu, yenye afya na amani. Zawadi yako iko ukurasa unaofuata.