Mama Futi na Video ya Gauni la Mjukuu

Marehemu tunayemzika leo hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye cheti. Wengi wenu mlimjua kama Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda hospitali. Anayewasomea wasifu huu ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alitaniana naye kwa miaka thelathini na tisa. Mtamvumilia basi akichanganya machozi na utani, maana hajui kumzungumzia kwa namna nyingine.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpiga chapa na mama yake aliuza mboga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akabaki nyumbani kumuuguza baba yake. Mwaka 1977 akapelekwa kujifunza ushonaji kwa bibi mmoja mkali kupindukia. Bibi huyo alisimama nyuma ya wanafunzi wake na kutamka neno moja tu: "Kata!" Ukisita, unalo. Kwa hiyo marehemu alizoea kukata kwanza na kuuliza baadaye.

Mwaka 1981 alifungua chumba chake cha kushonea, mlango wa tatu kutoka duka la dawa, na hakuhama tena. Nusu ya sare za shule mlizovaa zilipita mikononi mwake. Wateja walimlaumu kwa jambo moja tu. Alikuwa akisema, "Njoo Ijumaa," na Ijumaa ya Mama Futi, jamani, ilikuwa na siku nyingi.

Alifunga ndoa na fundi bomba, kaka yetu mkubwa, siku ya Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1984. Gauni la harusi alilishona mwenyewe, na asubuhi ile alikuwa bado akipiga pindo. Picha ya harusi iko ukutani sebuleni: bwana harusi kavimba kwa fahari, bibi harusi kapendeza, na futi inaning'inia shingoni juu ya shela. Hakuna aliyeiona hadi picha ziliposafishwa.

Walijaliwa binti mmoja mwaka 1989. Binti huyo alipofika miaka kumi na mitano, mama yake alimweka mbele ya cherehani. Binti akasema, "Mama, nguo si zinauzwa dukani?" Marehemu hakumgombeza, ila lilimuuma. Alimwambia shemeji yake zaidi ya mara moja, "Ufundi wangu huu nitazikwa nao."

Novemba 2022 moyo wake ulianza kusumbua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuhesabu, chumba cha kushonea kikafungwa. Kisha, mwezi Julai mwaka huu wa 2023, binti yake alipiga simu. Ni muuguzi katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili, na alikuwa na mimba yake ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minne. Akasema, "Mama, nifundishe kushona gauni la mtoto." Mama Futi akaishusha simu, mumewe akadhani mtandao umekatika. Kumbe analia.

Madaktari walikuwa wamewakataza wote wawili kusafiri. Wakajaribu kufundishana kwa simu, lakini mtandao ulikatika kila walipofika penye maana. Ndipo mgonjwa wetu, ambaye simu kwake ilikuwa ya kupokea na kukata tu, akatangaza kwamba atapiga video.

Ya kwanza ilikuwa dakika sita za dari. Ya pili aliifunga simu kwenye cherehani kwa mpira wa kiuno, na alipoanza kukanyaga, nyumba nzima ikatetemeka pichani. Ya tatu alikaa na dirisha mgongoni, akatokea mweusi tititi, sauti inatoka gizani ikieleza habari za shingo ya gauni. Akamwita shemeji yake aje kumpiga picha. Shemeji naye hakujua kitu, ila hakusema.

Walipanga meza ielekee dirishani, simu ikaegemezwa kwenye kopo la vifungo. Kila siku saa tisa alasiri walipiga kipande kifupi, kwa kadiri pumzi ilivyoruhusu. Siku ya kwanza marehemu alikuwa ameshika mkasi juu ya kitambaa cheupe, kipande pekee kilichobaki katika kile alichomshonea binti yake alipozaliwa. Anaeleza vizuri kabisa, mara jirani akabisha hodi kwa nguvu. Shemeji akapaza sauti, "Kata!" Na fundi akakata. Krrr, toka shingoni hadi tumboni.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Umesema kata, nimekata!"

"Nilimaanisha picha!"

"Picha inakatwa na mkasi gani, wewe?"

Walicheka mpaka akakosa pumzi, wakalazimika kumlaza. Aliponyanyuka alikitazama kitambaa, akasema, "Haya, litakuwa la kufungua mbele. Lete vifungo." Tangu hapo neno lao la kusimamisha video likawa "basi."

Vipande kumi na kimoja vilitumwa. Binti alishona huku akitazama, na kila jioni alituma picha ya alipofikia. Mama yake aliikuza kwa vidole viwili, akakagua mshono kwa mshono. "Huyu mtoto ana mkono mwepesi," alisema, na siku hiyo alikula vizuri.

Jumanne, tarehe 29 Agosti, walipiga kipande cha kutia mkono wa kulia. Alichoka, akasema, "Wa kushoto kesho. Usimwambie tu kwamba ni vilevile, maana si vilevile, unageuka." Asubuhi hakuweza kuinuka. Alilazwa hospitali siku hiyo hiyo, na Jumapili tarehe 3 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, aliaga dunia, mumewe akiwa ameushika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Binti yake aliuliza swali moja tu kwenye simu siku ile. "Baba mdogo, mkono wa kushoto alishapiga?" Shemeji akamjibu, "Hapana, mwanangu. Hakuwahi." Wakalia wote wawili, simu masikioni.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, ndugu wawili, shemeji huyu mmoja, na wateja wanaosubiri Ijumaa. Ameacha pia mjukuu wa kike aliyezaliwa juzi Jumanne, saa nne asubuhi, wakapishana kwa siku mbili. Jana imefika picha yake akiwa amevaa gauni. Mkono wa kulia umekaa barabara. Wa kushoto umevutwa begani na mshono umekwenda upande. Chini ya picha mama yake ameandika, "Huu nimeutia mwenyewe."

Mungu amlaze fundi wetu mahali pema, na apumzike kwa amani.