Saa Mpya ya Mkwe

Kwenye basi la Sengerema, kijana mmoja aliyeitwa Masele alimfungulia boksi mama aliyekaa naye, mbele yangu. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi yenye namba za rangi ya chai na mkanda uliopauka. "Ya marehemu nani?" mama akauliza.

"Ni mpya, mama! Saa ya michezo, toleo la mwaka huu. Kampuni imeitengeneza ifanane na zile za zamani za wapiga mbizi. Nampelekea baba mkwe."

"Mkwe wako anapiga mbizi wapi?" Swali zuri, nikaona. "Sisi saa kama hii tunagawana siku ya kumaliza matanga. Atadhani baba yako amekufa na hukumwambia."

Masele akaanza kusugua mkanda kwa shati, kana kwamba uzee wa kiwandani unafutika. "Sasa nifanyeje?"

"Kabla hujafungua boksi, mwambie kwamba baba yako ni mzima."

"Si atashangaa?"

"Bora ashangae kuliko alie."

Basi likasimama. Mkwewe, mzee mwenye kofia, alikuwa akimsubiri mlangoni. Masele akashuka na boksi lake kwapani, hata shikamoo akaisahau. "Baba yangu ni mzima, mzee! Mzima kabisa!"

Mzee akavua kofia taratibu. "Amefariki lini, mwanangu?"