Msiba Niliofichwa

Ndugu wazazi, wakubwa zangu shikamooni. Mwenyekiti amenipa nafasi niseme kuhusu nidhamu ya wanafunzi. Anisamehe, nitasema yaliyonipata mimi nikiwa msichana wa sekondari, maana hata leo, mwalimu mzima, nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni huku tambarare. Shule ilipofungwa nilishuka basi hapa Same, nikapata lori la kupanda kwetu milimani. Ndani kulikuwa na majirani. Wakanipisha nikae mbele kwa dereva. Nikajiona msomi kweli kweli, nikakaa kama mke wa mkuu wa wilaya. Hakuna aliyeniuliza habari za shule. Kumbe walikuwa wanaogopa kunitazama usoni.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kinasafisha mfereji wa maji. Jembe moja likasimama, kisha yote. Nikawaamkia, wakaitikia wakiangalia chini. Nyumbani shangazi akanitengea makande.

"Mama yuko wapi?"

"Kula kwanza, mwanangu."

Nikala, ndugu zangu. Nilikula nikashiba, na mama yangu yuko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kaburi limeshaota majani.

Alikuwa amezikwa katikati ya muhula. Ukoo ulikaa ukaamua nisiambiwe, nisije nikavurugika kwenye masomo. Naona mnatikisa vichwa, lakini nawaambia, nusu yenu mngeamua hivyo hivyo, na mngeamua kwa upendo.

Sikulia. Kila mtu aliniambia nijikaze, nikajikaza. Nikarudi shule kuanza kidato cha nne nikiwa kama gogo. Kitabu nakifungua, sioni kitu. Chakula hakipiti. Shambani nasimama na jembe mpaka kengele inalia. Na mnajua siku hizi za kujitegemea asiyelima anaitwaje. Nikaitwa kupe, mbele ya shule nzima. Haikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilitamani nilale nisiamke, na hakuna aliyejua.

Alikuwepo mwalimu mlezi, mama mmoja mgeni kutoka Tanga. Siku moja alishika jembe, akaingia tuta la pembeni yangu. Tukalima. Halafu akanijulia hali kama watu wanavyojuliana.

"Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nilishtushwa na kinywa changu mwenyewe. Nikakaa pale pale kwenye udongo. "Mwalimu, mama amekufa. Sikumzika." Nikalia mpaka nikatapika. Yeye hakuniambia nijikaze. Alikaa chini na gauni lake safi, akasema, "Nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu hapo, tukitoka shambani tulikaa barazani kwake, mimi naongea, yeye anasikiliza. Alikwenda kwa mkuu wa shule, lile jina la kupe likakoma. Kisha akamwita baba. Baba alisimama na kofia mkononi, akasema, "Mama yako mwenyewe, kabla hajafa, ndiye aliyekataza usiambiwe."

Nikamwambia nimewakasirikia wote wawili, yeye na marehemu. Mtoto wa Kipare kumwambia baba yake maneno hayo, mnajua wenyewe. Nikangoja kofi. Baba akasema, "Hata mimi silali, mwanangu," na machozi yakamtoka. Sikuwahi kuyaona machozi yake kabla ya siku ile.

Mambo hayakuisha hapo. Lakini nilianza kula, nikaanza kulala, na mtihani nikaufanya kwa kujikongoja.

Namshukuru yule mwalimu. Namshukuru baba, aliyekubali kusikia asiyotaka kusikia. Wale walionipisha nikae mbele kwenye lori nimewasamehe, ila shukrani bado sijaipata.

Sasa niseme kilichonifanya nisimame. Asubuhi hii mzazi mmoja amekuja ofisini kwangu kuniomba tumfiche mtoto wake msiba mpaka mtihani upite. Yuko humu ndani, simtaji. Ndugu yangu, mtihani unaweza kurudiwa. Mazishi ni kesho. Mimi natoka sasa hivi, nakwenda kusimama kwenye mlango wa darasa lake. Njoo tumwambie pamoja.