Saini ya Ishirini na Tano

Kijiwe cha Idarusi kipo Makorora, Tanga, mkabala na mashine ya kusaga nafaka. Benchi lake ni mlango wa nyumba iliyobomolewa, umelazwa juu ya matofali sita. Kitasa bado kipo. Mgeni hukikalia mara moja tu maishani. Siku hiyo ilikuwa ya kurudisha fomu za ubunge, mwisho saa kumi jioni, na ilipofika saa nane na nusu wenyeji watatu walikuwa wameshakaa na finjani mkononi. Sadalla, kuli mstaafu wa bandarini, anaitwa Redio kwa sababu habari ikimfikia haikai. Timotheo anaitwa Mkonge. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, na bado anahesabu kila shida kwa kulinganisha na ya kule. Mzee Tahiri anaitwa Hakimu, ingawa alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja na hakumhukumu mtu. Idarusi mwenye kahawa hana jina la utani. Wanaogopa atawanyima kashata.

Redio: Ninayo moto moto. Shadya hajarudisha fomu.

Mkonge: Shadya yupi?

Redio: Kwani Makorora ina akina Shadya wangapi wanaogombea ubunge? Shadya Luqmani. Wa steshenari.

Idarusi: Kakwama wapi?

Redio: Wadhamini. Sheria inataka wapiga kura ishirini na tano wa jimbo hili wamsainie. Alikuwa nao kamili. Asubuhi kaambiwa mmoja hafai. Kabaki na ishirini na nne.

Mkonge: Mmoja tu? Mmoja si kitu bwana. Akipita hapa anawapata watatu kwa mpigo.

Hakimu: Wawili.

Mkonge: Wewe vipi, Hakimu?

Hakimu: Ana umri gani yule binti?

Redio: Ishirini na sita.

Hakimu: Mimi nina koti lililomzidi umri. Bungeni wanasoma miswada. Wanapitisha bajeti ya nchi. Yeye anatoa fotokopi.

Idarusi: Si ndiye aliyekujazia fomu za pensheni, zile zilizorudishwa mara mbili?

Hakimu: Alinijazia vizuri kabisa. Na fundi wangu wa kanzu ananishonea vizuri. Simwachii anipasue tumbo.

Benchi lilicheka. Hakimu hakucheka. Alishika finjani yake kwa vidole viwili na kungoja kelele zitulie, kama aliyezoea kungoja mahakama itulie.

Redio: Mnaongea umri, mnaacha la maana. Nani yuko nyuma yake?

Mkonge: Mama yake, Bi Kijakazi. Jana niliwaona wanakwenda sokoni, mtoto mbele, mama nyuma na kikapu.

Redio: Nyuma kisiasa, Mkonge! Mtoto wa steshenari hapati ujasiri wa bure. Kuna mkubwa mmoja mstaafu. Simtaji.

Mkonge: Mtaje.

Redio: Simjui. Wakubwa wa kiwango kile hawajulikani, ndo ukubwa wenyewe.

Mkonge: Sa mimi nilivyosikia ni wageni. Wanautaka ukungu wa Amani.

Idarusi: Ukungu?

Mkonge: Ule wa msituni, asubuhi. Wautie kwenye chupa, waupeleke nchi za joto.

Redio: Nchi ya joto si sisi wenyewe?

Mkonge: Ndo maana wanaanza kwa kutuwekea mbunge. Tusije tukastuka tukiuziwa.

Idarusi: Nyote mko mbali. Mambo ya Shadya yalianzia mapango ya Amboni. Miaka minne iliyopita aliwapeleka watoto wa tuisheni kutembea. Ndani kule tochi ikazima. Giza, wallahi, huoni mkono wako. Aliingia na watoto kumi na wanane. Akatoka nao wote, kumi na tisa.

Hakimu: Kumi na wangapi?

Idarusi: Kumi na tisa.

Hakimu: Na huyo wa kumi na tisa ni nani?

Idarusi: Meneja wake wa kampeni.

Mashine ya nafaka ilizimwa kidogo, na kicheko cha Mkonge kikasikika hadi upande wa pili wa barabara. Mwenye mashine alichungulia, akauliza kuna nini, hakujibiwa.

Redio: Cheka, lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jimbo hili linataka ukuta mpya. Basi ufa tuuache.

Hakimu: Walisema hivyo?

Redio: Wao walianza, mimi nimemalizia.

Mkonge: Mimi namtaka Shadya. Nasema wazi. Mke wangu Ruthi alipolazwa, karatasi zote za bima alizishughulikia yule mtoto. Alikuja nazo mpaka wodini. Hakuna mbunge aliyewahi kunijua wodini.

Redio: Mimi pia namtaka. Namsema tu kwa sababu namtaka. Akija hapa namsainia kwa herufi kubwa. Mkono wangu sasa umezoea.

Hakimu: Umezoea vipi?

Redio: Hii itakuwa ya nne. Jumatatu alikuja yule wa gari jeupe, nikamsainia. Jumatano yule mwenye kofia. Juzi yule mama mwenye sauti ya upole. Mkonge naye hivyohivyo.

Mkonge: Si walikaa hapahapa? Wakatoa salamu, wakanywa kahawa, wakamsifu Idarusi.

Redio: Mtu kaja na adabu zake, umwambie hapana? Tanga hii, waja leo waondoka leo. Usipomsainia leo, utamsainia lini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakimu: Mlisoma mlichosaini?

Redio: Nisome nini? Jina la mgombea lilikuwa juu, picha pembeni. Picha nzuri.

Hakimu: Mimi walinipa kalamu mara tatu, nikairudisha mara tatu. Karani hasaini asichokisoma, na akikisoma hasaini asichokikubali.

Aligusa mfuko wa shati. Humo hukaa kadi yake ya mpiga kura, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na miwani. Huenda nayo hospitali, huenda nayo msikitini. Redio aliomba kahawa nyingine.

Saa tisa na dakika kumi bodaboda ilisimama kwenye kona. Alishuka Shadya Luqmani, baibui jeusi, viatu vya wazi vyenye vumbi, faili la plastiki chini ya kwapa. Alimwambia dereva asizime pikipiki. Hata hivyo alisalimia mmoja mmoja, kama ilivyo desturi.

Shadya: Shikamoo babu Tahiri. Shikamoo mjomba Sadalla. Mzee Timotheo, shikamoo. Mama Ruthi anaendeleaje?

Mkonge: Marahaba, mwanangu. Sasa anatembea mpaka uani. Anakusalimu.

Shadya: Kaka Idarusi, habari za kazi.

Idarusi: Njema. Kaa unywe.

Shadya: Leo sinywi, nisamehe. Nimebakiza dakika hamsini.

Redio: Tunajua yote. Leta fomu. Kalamu ninayo.

Shadya alifungua faili lakini hakuitoa fomu. Alisimama, maana kwenye benchi nafasi iliyobaki ilikuwa ya kitasa.

Shadya: Nyinyi ndio ningeanza nanyi. Nilianzia Nguvumali kwa sababu kule sijulikani sana. Nyinyi niliwaweka akiba. Nikasema, hata yakiharibika kote, kijiwe kipo.

Mkonge: Kipo, mwanangu.

Shadya: Sasa fundi baiskeli mmoja wa Nguvumali alinisainia kwa moyo mmoja. Kumbe wiki ileile alimsainia na mwingine, na fomu ya mwenzangu imetangulia kufika. Sheria ni mtu mmoja, mgombea mmoja. Kwangu wamemkata. Kwa hiyo kabla sijawapa kalamu, naomba kuuliza kitu kimoja. Nani hapa hajamsainia mgombea mwingine?

Redio alikuwa ameshafungua kifuniko cha kalamu. Akakirudisha. Mkonge aliangalia mikono yake, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, kama anayetafuta ule ambao haujasaini.

Shadya: Mjomba?

Redio: Ilikuwa heshima tu, Shadya. Walikuja vizuri.

Shadya: Walikuja? Wangapi?

Redio: Watatu. Lakini siku tofauti.

Shadya: Mzee Timotheo?

Mkonge: Mimi nilifuata mkono wa Sadalla.

Shadya: Kaka Idarusi, wewe je?

Idarusi: Sikumsainia mtu, wallahi. Lakini kadi yangu ni ya Pangani. Mwaka wa kumi na moja huu nachemsha kahawa hapa, kila mwaka nasema nitahamisha.

Redio alimgeukia Hakimu.

Redio: Ulikuwa unajua sheria hii?

Hakimu: Nilikuwa najua.

Redio: Na hukusema!

Hakimu: Niliuliza kama mlisoma. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nauliza.

Redio: Sisi ni wenzako, Tahiri! Siyo washitakiwa!

Hakimu alitazama kahawa yake. Ilikuwa imepoa. Shadya alifunga faili.

Shadya: Basi, mjomba, usigombane. Wamekuja watu, mmewapokea. Ndivyo mlivyo. Ngoja nikajaribu kwa wauza samaki.

Hakimu: Shadya.

Shadya: Naam, babu.

Hakimu: Mbona mimi hukuniuliza?

Shadya: Mwezi uliopita, kwenye arusi ya kina Nasra, ulisema mbele ya watu kwamba sijaiva. Niliona nikikuomba nitakulazimisha kusema tena.

Hakimu: Nilisema. Na sijafuta.

Shadya: Sijakuomba ufute.

Dereva wa bodaboda alipiga honi. Shadya alimwinulia mkono bila kugeuka. Hakimu alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

Hakimu: Lete nisome.

Alisoma. Hakusoma sehemu ya wadhamini peke yake. Alianza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kidole kikitembea chini ya maneno. Saa tisa na dakika ishirini na mbili alifungua ukurasa wa pili.

Redio: Hakimu, mtoto atachelewa. Wahenga walisema haraka haraka…

Idarusi: Malizia.

Redio: Leo ina baraka!

Hakimu: Hapa pana nafasi wazi. Kazi ya mgombea. Wewe unayetujazia sisi wote fomu, yako imekushinda?

Shadya: Niliiacha, babu. Mwenzangu mmoja ni mkandarasi. Mwingine mhadhiri. Nikaona nikiandika steshenari watacheka.

Hakimu: Fomu haichekwi. Fomu hukataliwa ikiwa na pengo. Unafanya kazi gani?

Shadya: Nachapa barua za watu. Nawajazia fomu. Wasiojua ofisi naandamana nao.

Hakimu: Si ndiyo hiyo? Andika.

Shadya aliweka faili juu ya goti, akaandika. Hakimu alisoma alichoandika, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na ukurasa wa tatu. Mkonge alikuwa anavuja jasho kuliko mtu yeyote kijiweni. Baadaye alisema hata siku za kukata mkonge na mvua inakuja hakuwahi kuona dakika ndefu namna ile.

Hakimu: Nikisaini, usije ukaniambia unanidai na kura.

Shadya: Saini ni ya kuniruhusu nisimame niombe. Kura nitakuja kuiomba kivyake.

Hakimu: Na mimi nitauliza maswali.

Shadya: Uliza, babu. Ukiacha kuuliza wewe, nani atauliza?

Hakimu alitoa kadi kwenye nailoni. Namba yake aliitaja bila kuiangalia, Shadya akaiandika, halafu mzee akaikagua tarakimu kwa tarakimu. Ndipo aliposaini, saini ndefu ya kikarani yenye mkia. Alipuliza wino, ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida na haikuhitaji kupulizwa.

Hakimu: Ishirini na tano. Nenda.

Pikipiki iliondoka saa tisa na dakika thelathini na saba. Redio hakuwa na habari, Mkonge hakuwa na mfano wa mashambani. Idarusi aliinamisha dele. Kahawa iliyobaki ilijaza finjani moja, akampa Hakimu bila kuulizana na wengine, akaanza kuzima mkaa. Hakuna aliyeinuka.

Mkonge: Tahiri, ungetuambia mapema, tungewakatalia wale.

Hakimu: Kweli. Hilo nalibeba mimi.

Dakika saba kabla ya saa kumi simu ya Redio iliita. Alilitazama jina, akasikiliza, akasema “naam, mwanangu” mara mbili. Mkonge alikuwa ameshasimama. Wote walingoja tangazo, na mwenye mashine, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alizima mashine yake.

Redio hakutangaza. Alimpa Hakimu simu.

Hakimu aliiweka sikioni, upande unaosikia vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

Hakimu: Vizuri. Sasa njoo uniombe kura. Njoo na muda.

Alimrudishia Redio simu, akanywa kahawa yake ya mwisho.

Hakimu: Imepokelewa.