Dada Yetu Hakuuawa na Mbio

Ndugu waombolezaji, wachungaji, uongozi wa kiwanda na majirani zetu, kwa neema ya Mungu nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu, mimi niliyemfuata ziwa, na kwa kuwa shule yangu ni ndogo naomba mnivumilie nikikwama, na kwa kuwa hasira yangu ni kubwa nimeshaitubia asubuhi, huenda nikaitubia tena jioni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mshona magodoro, na mama alipenda kusema kwamba alitoka akirusha mateke kama mtu anayedai haki yake. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989, na huko ndiko alikojifunza mpira wa mikono, akicheza pembeni, mwembamba lakini hakamatiki.

Tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa kiwanda cha mikate, akaanza kwa kukanda unga, akapanda hadi kuwa msimamizi wa tanuri, na mwaka 2009 akakabidhiwa timu ya mpira wa mikono ya wanawake wa kiwanda, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, kwa sababu kila kipindi cha pili ilikuwa inasinyaa, hata watazamaji wakaipachika jina la Mkate Mbichi. Makocha waliotangulia walikuwa wakiwazungusha mabinti kwenye ghala la unga, mwendo wa pole, saa nzima, naye akasema hayo ni mazoezi ya kupeleka barua, maana mpira wa mikono ni kuchomoka, kuruka, kurusha, kurudi mbio kukaba, kuvuta pumzi mbili na kuanza tena. Basi akachukua kengele kuukuu ya tanuri, akawa anakimbia nao akiwa nayo mkononi, ikilia wanakimbia kwa nguvu zao zote kwa muda mfupi, ikilia tena wanatembea hadi pumzi irudi, ikilia tena wanakimbia.

Sitaficha kwamba msimu wa kwanza alikosea, kwani aliipenda mno ile kengele, akapunguza muda wa kutembea, akaipiga hata siku moja kabla ya mechi, tukafungwa vibaya mbele ya mabosi na mchezaji mmoja akatapika uwanjani, lakini jioni ile ile aliwaambia, "Jamani, hamkushindwa ninyi, mimi ndiye niliyewamaliza kabla ya mechi," na tangu hapo kutembea kukaheshimiwa sawa na kukimbia, na mechi ikikaribia kengele ilifungiwa kabatini. Mwaka uliofuata timu ilikuwa inamaliza mechi ikiwa bado inakimbia, wapinzani ndio wakiomba maji, na lile jina la Mkate Mbichi likafa kifo cha kawaida.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1998 na wa kike mwaka 2002, na mawifi walipomtania, "Wifi, utaongeza lini mtoto kama kila jioni uko mbioni?" aliwajibu, "Kwani ninyi mnaoshinda mmekaa mmeongeza wangapi?"

Januari 2024 alianza kuumwa tumbo, Aprili tukaambiwa ni saratani ya kongosho, na daktari alitueleza, mimi na shemeji tukiwa tumekaa mbele yake, kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea, ila moyo na mapafu yake ni ya mtu mwenye nguvu, na hivyo ndivyo vilivyombeba mpaka Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alipofariki wodini mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Nayataja haya kwa ruhusa ya shemeji, kwa sababu tangu Alhamisi, chini ya turubai hili hili, nasikia watu wakinong'ona, "Mbio za uzeeni zimemla," waume na mama wa wachezaji wameanza kuwatoa wake na binti zao kwenye timu, na jana kamati ya michezo ya kiwanda ilinifuata kwa heshima, ikaniomba niruke habari za mazoezi kwa kuwa inakusudia kuyafuta. Nimeliombea jambo hilo usiku, sikupata ruhusa ya kuruka. Anayetaka kumtoa wake amtoe, ila asimsingizie maiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutuazima viti, wafanyakazi wenzake wa zamu zote, na kamati hiyo hiyo pia, kwa jeneza na magari.

Binti yangu anayefungasha mikate kiwandani ni mchezaji wa timu hiyo, na mama yake aliponiuliza kama tumtoe nilimjibu kwamba shangazi yake alikufa kwa saratani. Jumanne baada ya kazi atakuwa uwanjani, nami nitakuwepo kupiga kengele, ingawa mpira siujui, mpaka apatikane anayeujua, na mwenye nia ya kuyafuta mazoezi aje anipokonye mkononi.

Dada, umemaliza sehemu yako. Pumzika kwa amani ya Bwana, sisi bado tunakimbia.