Majina Mia Nne ya Madam Wilkista

Baada ya miaka ishirini na minane kazini, Madam Wilkista Wekoye anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2007. Nimeambiwa niandike mistari ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa mavuno yametuchosha sote, na kuna jambo moja ambalo sharti lisahihishwe kabla hajaondoka.

Aliingia ofisi ya Kitale ya ushirika wetu wa nafaka akiwa mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja mwaka 2001, akapewa kazi ambayo wenzake waliikimbia: kuandika kitabu cha maelezo ya programu ya kupima mahindi, kitumike hapa, Bungoma na Ndalu.

Wenzake walizoea kuandika "tazama sehemu ya saba". Madam hakutaka kusikia. Ati ukiongeza sehemu moja katikati, ya saba inakuwa ya nane, na karani wa Ndalu anapotea bana. Akaipa kila sehemu jina la ndani, lisiloonekana na msomaji. Anayetaka kumwelekeza msomaji huko anaandika jina hilo, na namba inawekwa na kompyuta yenyewe. Jina moja, sehemu moja. Aliweza kuwazia jina siku mbili nzima. Alisema sehemu yenye jina lisilo lake ni kama mtoto wa Kibukusu aliyepewa jina la babu asiyemtaka: italia mpaka mlibadilishe. Tulicheka, na majina yakapita mia nne.

Machi 2005 mtu alinakili sehemu ya kuhifadhi vipimo vya msimu ili aandike ya kuvifuta, akasahau kubadilisha jina la ndani. Emmy, karani wetu wa Ndalu, alitafuta jinsi ya kuhifadhi, kitabu kikampeleka kwenye kufuta. Alifuata kila hatua kwa uaminifu. Vipimo vya wakulima mia sita, kwisha!

Madam alikaa Ndalu siku kumi na moja akiingiza upya stakabadhi moja moja. Kikaoni meneja alipouliza nani kakosea, alijibu kwamba kitabu ni chake. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, na cheo cha mkuu wa kitengo, alichokuwa ameshaahidiwa, kikaenda kwa mwingine.

Aliyenakili ni mimi, Kizito Wakoli. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, nikaogopa kufutwa, nikanyamaza. Yeye alijua, maana mashine huandika nani amegusa nini. Hakunitaja hata siku moja. Alinifundisha tu kutafuta jina kwanza kabla ya kulitumia, kisha akaniagizia chai. Aibu hiyo nimeibeba hadi nimechoka nayo.

Jumatatu nilimwandikia meneja ukweli wote. Cheo hakirudi, na hilo linaniuma. Lakini jana ile barua ya onyo ilitolewa kwenye faili la Madam, ikawekwa kwenye langu.

Asante, Madam, na unisamehe. Nenda nyumbani Kibomet ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi. Unaondoka na faili safi.